Namba ya Anzor

Kutaisi, majira yale ya baridi umeme ulipokatika mji mzima,
Tsiuri, karani wa ghala la chai,
alibaki na nusu mshumaa, penseli ya bluu
na namba ya simu aliyoachiwa na mumewe
nyuma ya risiti ya mafuta ya taa:
tano nane nane, mbili tatu tano tatu.

Alipiga. Ikalia kule mbali
kama saa iliyosahauliwa kabatini.
Hakuna aliyeinua.
Basi akaketi kuihoji namba yenyewe.
Aliyekunyima neno, utamuuliza nani?

Aliigawa kwa mbili, ikabaki moja.
Kwa tatu, moja.
Kwa saba, moja tena, ile ile,
imesimama mlangoni na koti lake.
Kumi na moja ikabakiza nne. Kumi na tatu, tisa.
Akaendelea, usiku baada ya usiku,
vidole ndani ya soksi za sufi,
hadi elfu mbili mia nne ishirini na tatu,
na hapo hapakuwa na haja ya kwenda mbele.
Haigawanyiki.
Tasa.

Neno hilo alilijua.
Mama mkwe alilitamka sebuleni, kijiko mkononi,
akidhani yeye yuko jikoni.
Lakini namba tasa haijamkosea mtu,
aliandika pembeni, kisha akafuta,
kisha akaandika tena.

Risiti ilikuwa na mkunjo.
Mkunjo ulipita baada ya nane ya pili,
ukaacha huku mia tano themanini na nane,
kule elfu mbili mia tatu hamsini na tatu.
Kwa kukosa kazi akazidisha kila kipande kwa chenyewe,
peke yake, bila kumwita mwenzake.
Kisha akajumlisha.

Milioni tano, laki nane,
themanini na mbili elfu, mia tatu hamsini na tatu.

Alihesabu upya. Nta ikadondokea tarakimu ya mwisho,
akaikwangua kwa ukucha: tatu. Ni tatu.
Iliyovunjwa imerudi nzima,
na hakuna aliyeibembeleza.

Akacheka, jirani akagonga ukuta.

Ndoa ilidumu miaka kumi na saba.
Akaizidisha namba kwa miaka hiyo,
akatarajia fujo.
Ikatoka milioni mia moja na moja:
moja huku,
moja kule,
na katikati sifuri saba
kama viti vilivyopangiwa wageni
siku ya theluji.

Aliitazama mpaka mshumaa ukaisha.
Hakupiga tena.

Aprili umeme ulirudi. Redio ikaanza kusema
katikati ya sentensi ya mtu.
Tsiuri akaizima.
Alikuwa ameshika namba ya Eteri wa ghorofa ya tatu,
namba ya kawaida tu, isiyo na siri,
iliyogawanyika kwa tatu, kwa tano, kwa tatu tena,
laini,
kama mkate wa asubuhi.