Kisahani cha Saba

Mnunuzi kutoka Santiago atakuja Jumamosi na mizani yake.
Analipa kwa gramu. Sinunui hadithi,
alimwambia Eliseo kwenye simu, na Eliseo akacheka
kicheko cha mtu ambaye paa lake linavuja.

Basi Alhamisi usiku, hapa Carahue,
mvua ikigonga bati tangu asubuhi kama mdai,
tumekitandaza mezani kidani cha marehemu bibi,
trapelakucha ya kifuani:
bamba juu, bamba chini, minyororo mitatu kati yake,
na ukingoni visahani kumi na viwili
vyembamba kama ukucha.

Kwanza barafu.
Kipande juu ya bamba, kipande juu ya bakuli la udongo.
Cha kwenye bamba kinalia papo hapo,
kinayeyuka kama siri mdomoni mwa mlevi.
Cha kwenye bakuli bado kina kona zake zote.
"Fedha," anasema Eliseo. "Fedha haijui kubania joto."

Kisha kitambaa. Nasugua kwa fulana nyeupe ya mwanangu,
inatoka na doa jeusi, nasi tunalisifia doa
kama watu waliopungukiwa akili.
Kisha pua. Shaba hunuka ufunguo uliolala mfukoni.
Hiki hakinuki kitu, ila moshi wa kuni
na, labda nakisingizia tu, shingo ya bibi.

Asidi tumeikataa. Don Hernán fundi redio anayo chupa,
tone moja tu, anasema,
lakini tone ni kovu, na kovu lina bei yake.

Mama yupo jikoni anamenya viazi.
Ganda linashuka refu, halikatiki.
Hajageuka hata mara moja.

Sumaku ni ile ya mlango wa friji,
tangazo la muuza gesi, ina umbo la mtungi.
Eliseo anaipitisha polepole, kama daktari.
Bamba, kimya. Minyororo, kimya.
Kisahani cha kwanza, cha pili, cha sita, kimya.
Cha saba: tik.
Kimeruka kama kiroboto, kimeng'ang'ania mtungi.

Ganda la kiazi likakatika.

"Hicho changu," alisema Mama, bado katupa mgongo.
"Mwaka wa mimba yako, Eliseo. Nilikivaa bila ruhusa,
nikainama kisimani, kimoja kikatumbukia.
Mama mkwe alikuwa Temuco, siku mbili.
Nikakata kopo la maziwa ya unga,
nikachora kwa msumari, nikatoboa, nikaning'iniza.
Kila Juni, kabla ya mwaka mpya wetu, nikakipaka
rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, kisishike kutu.
Mlidhani kwa nini sikumruhusu mtu kukisafisha?
Miaka thelathini na mmoja alikivaa,
na kila akitikisa kifua: sikieni,
sikieni fedha ya baba yangu inavyosema."

Hapo ndipo alipogeuka, na alikuwa anacheka,
machozi na wanga wa viazi usoni.

Yai alilichemsha mwenyewe. Akaliponda la moto,
akalifunga ndani ya mfuko pamoja na visahani vyote.
Kulipokucha tukafungua: harufu ya kiberiti,
visahani kumi na kimoja vyeusi kama sufuria ya chini,
na kimoja kinang'aa, hakina aibu.

Eliseo akauliza tufanyeje.
"Hanunui hadithi, eti?" Mama akachukua mkasi,
akakikata kisahani cha saba, akakitia mfukoni mwa aproni.
Kidani kikabaki na pengo la mtoto wa miaka sita.

Mayai yaliyosalia tukala kwa chumvi.
Mvua haikukoma. Tukasogeza ndoo.