Msumeno Juu ya Mlango

Wageni huuliza kwanza kuhusu msumeno.
Umetundikwa juu ya mlango wa chumba cha kulia,
mnyororo umeshika kutu, mshikio umeviringishwa kitambaa
chenye jasho la miaka. Hudhani ni pambo.
Baba huwaambia, "Huyo ndiye aliyetulea,"
kisha hurudi jikoni kupuliza moto.

Mierezi mia nne na kumi na miwili.
Aliihesabu kwa misumari ukutani,
si kwa majuto, kwa malipo:
tajiri wa mbao alilipa kwa gogo.
Mto ukakonda. Mwaka wa matope
mlima ulishuka usiku, ukala zizi na ng'ombe saba,
ukasita kwenye kizingiti cha bibi Eulalia
kama mtu asiyejua kama amekaribishwa.

Sasa tuna vyumba vinne na blanketi kumi na sita.
Mama hufua kwa sabuni ya majivu.
Maji machafu hupita kwenye changarawe na matete
kabla ya kuomba njia mtoni.
Umeme ni wa jua, lakini jua la Andesi lina dharau;
ukungu hulala nasi hadi saa sita,
hivyo nuru hugawanywa kama nyama ya arusi ya maskini:
taa moja kila chumba, na simu zingoje zamu.

Bwana mmoja wa Rotterdam alilalamika, maji baridi.
Kaka yangu Wilmar akamchemshia sufuria,
akaibeba ngazi sitini na mbili bila neno.
Kesho yake yule bwana akaomba koleo.
Akapanda miche tisa
kwa viatu vya bei kuliko nyumbu wetu.

Na dubu! Wote wanamfuata dubu,
yule aliyevaa miwani ya manyoya meupe.
Humvizia jukwaani na darubini shingoni,
alfajiri wanakoroma.
Jana usiku nasugua masufuria, akatoka mahindini,
akivunja mabua polepole, bila pupa,
kama mwenye shamba.
Tulitazamana. Povu likanikaukia mikononi.
Sikumwamsha mtu.
Mistari mitatu ya mwisho tunampandia yeye;
mama huiita kodi.

Baba amepanda, iliyoshika, mia tatu themanini na mmoja.
Iliyokufa haihesabu.
Kila Jumapili hupanda kilimani na fimbo,
anagusa shina moja moja
kama mwalimu anayeita majina,
na msumari mmoja hung'olewa ukutani
kwa kila mti uliompita kimo.
Magoti yameanza kumgomea.

Juzi, akimenya viazi, alimwambia Wilmar:
"Siku yangu ikiwahi, thelathini na moja ni juu yako."
Wilmar alidhani anazungumzia pesa.
Akaenda kufungua mkebe wa akiba,
akahesabu, akahesabu tena,
akarudi na uso wa mtu aliyefilisika.