Za Ufunguo Arubaini

Tulikutana nyuma ya Posta Kuu, kwenye duka la fotokopi,
kwa sababu pale watu wawili wakisomeana karatasi
hakuna anayegeuza shingo.
Simu tulizizima. Feni haikuzimika,
ikatupeperushia vijikaratasi mpaka akavibana
kwa chupa yake ya maji ya ukwaju.

Miaka miwili tumeandikiana.
Najua anavyomaliza sentensi bila nukta,
najua viwanja vingapi vya Miritini amevihesabu kwa miguu,
na nani alimwapia kwamba mpaka ulikuwa pale kwenye mkorosho.
Lakini hayo, akasema, hata aliyejibanza katikati yetu
akitusoma siku zote, anayajua.
"Usinipime kwa tuliyoandikiana.
Nipime kwa hii."

Akaanza kusoma alama ya kidole
ya ufunguo usio na kidole:
saba, tatu, C ya Changamwe, sifuri.
B ya Bamburi, B ya Bamburi, moja, tisa.
D ya Dongo Kundu.
Kwa E tulikosa mtaa kisiwa kizima, tukaazima Eldoret,
mwenye duka akacheka bila kujua anachekea nini.
Nami nafuata kwa kalamu, natia nukta chini ya kila moja,
kama mtoto wa chuoni na kijiti chake juu ya aya.
Za mwizi ni arubaini,
na za ufunguo vilevile: ikipishana hata moja,
kuna mtu mlangoni.

Hazikupishana.

Kisha vitambulisho.
Changu alikigeuza, akakipeleka kwenye mwanga,
akanitazama masikio. "Masikio hayahami," akasema,
"nywele ndizo zimehama."
Twalib Shee Mbarak, herufi kwa herufi.
Akanisukumia chake.

Mboje Jombo.

Karatasini: Mbodze Dzombo.

Nilisoma tena. Mashine ya kupakia plastiki ilinuka moto.
Na kanuni ni yangu, mimi ndiye niliyemwandikia:
jina la kadi na jina la ufunguo yawe mamoja,
la sivyo usitie saini, hata akiwa nduguyo,
maana atakayeiona hakujui wewe wala hamjui yeye,
anaazima macho yako tu.

"Karani wa Mazeras," akasema.
"Mama alimtamkia, naye akasikia alivyozoea kusikia.
Baba walimkosea vivyo hivyo kwenye hati,
kisha wakaja kumwambia shamba ni la mtu mwingine
anayefanana naye jina.
Huu ufunguo niliuandika mwenyewe, usiku, mlango nimefunga.
Ndipo mahali pekee nilipo sawa."

Nikashika kalamu. Nilitaka, wallahi nilitaka.

"Ukitia saini leo kwa kunihurumia," akasema,
"kesho nitajuaje zile nyingine ulizitia kwa nini?"
Akaikunja karatasi yangu mara tatu,
akaifutika kibindoni mwa leso.
"Yako nitaitia. Wewe hawajakukosea."

Akalipia fotokopi moja ambayo hatukupiga,
akatokea upande wa jua.

Usiku ujumbe ukaja, umefungwa. Nikaufungua
kwa kile cha siri ambacho hata yeye sikumwonyesha.
Neno moja, yote ile hesabu kubwa kwa neno moja:
nimefika
bila nukta.

Ufunguo wake nimeuweka. Haujatiwa saini.
Kila nikiugusa mashine huniandikia
kwamba mwenyewe hajathibitishwa,
nami huijibu kwa sauti, peke yangu chumbani,
jina lote, la kwake na la babake,
ulimi nyuma ya meno, mara mbili,
mpaka nipatie.