Ukurasa Mmoja, Faranga Mia Tatu

Kaa hapo kwenye jiwe, Byamungu, kiti kina mguu mbovu.
Nipe flashi. Usiniambie una haraka:
kila anayefika hapa ana haraka, kumbe tangazo
lilifungwa jana saa kumi.
Soma tarehe kwanza. Mengine baadaye.

Mimi nina mashine moja na jenereta inayokohoa,
hapa Himbi, mgongo kwenye ukuta wa lava,
mkabala na lile geti la buluu
ambapo asubuhi vijana huinua shingo
kusoma karatasi zilizobandikwa,
kama watu wanaotafuta jina la ndugu yao hospitalini.
Miaka tisa nachapa maisha ya watu.
Namjua aliyeajiriwa, namjua aliyerudi kuongeza koma.

Hapa umeandika: mchapakazi, mwaminifu, mwenye ari.
Futa. Goma nzima ina ari.
Andika vyoo. Ulichimba vingapi kule kambini,
juu ya mwamba usiokubali sururu?
Arobaini na kimoja?
Andika arobaini na kimoja.
Hicho kimoja ndicho watakachokiamini.

Askofu mtoe kwenye wadhamini, hakujui.
Mweke Kahambu wa ghala,
aliyekuona ukihesabu mifuko ya unga mara mbili,
ya tatu ukakuta umepungua mmoja, ukasema.
Na namba yake iwe ile inayoshika.

Mlinzi wa geti msalimie kama mtu, si kama mlango.
Bahasha zote hupita mkononi mwake,
na mvua ya huku haisomi anwani.

Yule bwana wa viatu vyeupe
anayekunong'oneza nafasi ipo, lete dola mia,
na mshahara wa kwanza tutagawana,
mpe mgongo.
Dada mmoja wa Ndosho aliuza cherehani kwa ajili yake.
Sasa anashona kwa mkono.

Wakikuuliza unajiona wapi baada ya miaka mitano,
usicheke.
Najua, sisi tunaotazama mlima kila jioni
kuona kama umewaka kuliko jana,
miaka mitano ni hadithi ndefu.
Jibu polepole. Taja kazi, usitaje kiti cha anayekuuliza.

Sasa nikwambie jambo ambalo silipishi.

Mwezi wa tatu mtu alitoka geti lile akaniletea tangazo,
nakala sita: Afisa wa Maji, uzoefu miaka mitatu,
wanawake wanahimizwa kuomba.
Kwenye flashi hiyohiyo, faili la chini yake,
mkataba, umeshajazwa jina.
Nilichapa vyote viwili. Mia tatu, mia tatu.
Wiki ile nikawachapia watu themanini na mmoja
barua za kuomba kazi iliyokwisha kulala kwa mwenyewe.
Nilinyamaza. Jenereta ilikunywa pesa ile,
watoto wakala iliyobaki.
Siku ya mwisho, watu walipopungua,
nikachapa na yangu. Ya themanini na mbili.
Usiniulize kwa nini.
Nilipofika getini mlinzi aliitazama bahasha, akanitazama,
akaipokea kwa mikono miwili.

Unaniuliza basi uende au usiende.
Mimi ni mtu wa karatasi, si mganga.
Flashi nyingine nimezifungua nikakuta tangazo tu,
peke yake, halina mtu chini.
Si nyingi. Zipo.
Nenda na vyoo vyako arobaini na kimoja,
na shati usikope, mikono mirefu inajulikana.

Haya, barua inatoka. Umeona, herufi ni nyeusi, wino mpya...

Lo.
Imezima.

Kaa, usivute! Utaichana.
Mafuta yapo kwenye kidumu, nyuma ya mlango.
Nusu ya jina lako iko nje,
nusu nyingine bado imo ndani ya mashine.