Tawi Moja

Nyuma ya soko la Mbuyuni, Kundaeli
anatoa misumeno mitatu ya mnyororo,
anaipanga kauntani kama mshenga.

"Huu wa petroli, mama, ndio dume."
Anavuta kamba mara moja, mara tatu;
mara ya nne duka zima linanuka,
fundi baiskeli ng'ambo anageuka.
Naunyanyua. Bega la kulia linakumbuka
miaka yote ya magunia ya kahawa.

"Basi huu wa waya, hauna makeke."
Hauna. Ila mparachichi wangu uko bondeni,
nyuma ya migomba,
hatua themanini kutoka kwenye soketi,
na Luku imebaki uniti sita.

Wa tatu ni wa betri,
bapa lake shubiri moja, basi.
"Huo wa kupogolea maua," anacheka.
"Utakata magogo mangapi kabla chaji haijakata?"

Magogo ya nini? Kuni ninazo.
Nina tawi moja, nene kama paja la mtoto,
lililovunjwa na mvua za Aprili
likabaki linaning'inia juu ya kaburi la mama mkwe,
yeye aliyekuwa akinizimia redio
taarifa ya habari haijafika nusu.

"Ukiwaka unaliaje?"
Anabonyeza.
Nyuki, mzinga mmoja, mbali kidogo.

Nafungua pochi.
Kundaeli anafunga boksi kwa kamba ya katani,
ananiwekea kichupa kando:
"Mafuta ya mnyororo, usisahau.
Hata mdogo hunywa."