Nje ya Hansadi

Niliandika yote, ndiyo kazi yangu:
saa nne kasoro, wageni kutoka Estonia wakaingia ukumbini Kisumu,
wimbo wa taifa lao ukakwama katikati ya ubeti,
karani akakigonga kipaza sauti, ukaendelea.
Neno "urafiki" nililiandika mara kumi na tisa.
"Ushirikiano" nilichoka kuhesabu.
Mkataba ulitiwa saini kwa kalamu moja,
ya pili ilikauka wino.

Hili sikuliandika.

Mchana, nyuma ya ukumbi, mitambo imezimwa,
Mheshimiwa Akeyo wa Nyando
anamfundisha Bi Maarika kuchambua miiba ya ngege kwa vidole.
"Umewahi kushindwa?"
"Kwa kura kumi na moja.
Nilimpelekea mshindi funguo za ofisi kwa miguu,
theluji ikinifika magotini.
Njia nzima nilimtukana."

Akeyo akaacha kutafuna.
"Mimi kwa tisa.
Vijana wangu walishakamata mawe pale daraja la Ahero.
Nikawaambia, yarudisheni mlikoyaokota,
alfajiri lori la mchele linapita.
Mmoja hanisalimii hadi leo."

Kimya.
Kama watu wawili matangani
wanaogundua marehemu alikuwa wa wote.

Kisha Maarika akamsogezea kichwa cha samaki,
Akeyo akakirudisha,
kikaenda na kurudi hivyo mpaka kengele ya kikao.

Ripoti nimeifunga, kurasa arobaini na mbili.
Ya arobaini na tatu nimeiacha tupu makusudi.
Spika akiuliza,
nitasingizia printa.