Gramu Themanini

Kijijini Hmuntlang mama hapiki wali
kabla hajachota kiganja kimoja cha mchele
na kukitia kwenye kopo la Bwana.
Hata mwaka ule mianzi ilipochanua
na panya wakala mpunga wote mlimani,
makopo hayakulala matupu.
Nayasema haya ili mjue niliiba nini.

Nilikuwa Upa Thanzuala:
mzee wa kanisa, mwenyekiti wa baraza la kijiji,
mwenye ufunguo wa ghala.
Jumamosi wasichana walileta makopo,
mimi nikapima, shemeji yangu akanunua,
na fedha zikaenda kuezeka shule ng'ambo ya bonde.
Jiwe la kilo lilikuwa langu.
Chini yake niliyeyushia risasi,
kiasi cha nusu ya yai la njiwa.

Gramu themanini.
Nani atakufa, nilijiuliza, kwa gramu themanini?

Na Jumapili nilihubiri.
Mungu anirehemu, nilihubiri vizuri.
Niliwasimulia yule mwamuzi wa kale, kichwa cheupe,
aliyesimama mbele ya taifa zima siku ya kung'atuka
akawataka waseme kama kuna punda wa mtu zizini mwake,
na hakuna aliyefungua kinywa.
Sauti yangu ilitetemeka pale. Wanawake walifuta machozi.
Nami nilifuta. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo:
machozi yalikuwa ya kweli.

Lalhriati alikuwa darasa la nane.
Mwalimu aliwapa zoezi: pima kitu kimoja, wiki kumi, chora jedwali.
Akaazima mizani ya zahanati,
akapima kopo alilotumwa kulileta.
Kisha akaja ghalani na daftari kifuani,
kama mtoto aliyepoteza chenji ya chumvi.
"Upa, nisaidie. Hesabu yangu inakataa."

Safu ya kushoto, nyumbani.
Safu ya kulia, ghalani.
Kila kilo ilipungukiwa gramu themanini,
wiki kumi, bila kukosea.
Hakunishutumu. Alidhani kosa ni lake;
alikuwa amefuta na kufuta
hadi karatasi ikatoboka.

Ningeweza kumwambia mchele hukauka njiani.
Neno lilikuwa tayari ulimini, laini,
limekwisha kutafunwa.
Ndipo nikaona jina juu ya jedwali:
kopo la Bibi Chhingpuii.

Mama yangu.
Vidole vimemjikunja kwa baridi yabisi,
kiganja chake hakishiki hata robo ya kiganja.
Kwa hiyo yeye huchota mara nne,
asije akampunja Mungu.

Nililipindua jiwe mbele ya mtoto.
Risasi ikang'aa.

Jumapili hiyo sikupanda mimbarini.
Nilisimama sakafuni, jiwe mkononi,
nikauliza swali la yule mwamuzi
na kujijibu mwenyewe,
nyumba baada ya nyumba, miaka sita.
Hakuna aliyelia. Mtu alikohoa.
Shemeji alitoka nje akisahau kofia.
Msidhani mbingu zilifunguka.

Niliuza shamba la tangawizi, nikalipa mara nne,
kama alivyoahidi yule mtoza ushuru mfupi.
Walinivua uzee. Sawa.
Wapo wasionisalimu hadi leo. Sawa pia.

Ninyi mnaogombea baraza mwaka huu
mmekuja kuniomba neno la hekima.
Sina. Lile jiwe liko pale dirishani, lipakateni,
mwone kama mkono wenu utaijua tofauti.
Wangu haukuijua tena baada ya mwezi wa kwanza.

Na mama?
Hakuligusia jambo lile hata mara moja.
Ila Jumamosi moja, mvua imekatika, matope hadi kifundoni,
alinyoosha kopo kwangu, si kwa Lalhriati.
"Peleka wewe," akasema, akarudi jikoni.

Nikaenda nalo kilimani,
mkono juu ya mdomo wa kopo,
upepo usije ukachukua punje.